Mikono ya Bi Koleo

Katika kiwanda cha mikate alichofanyia kazi kwa miaka thelathini na moja, hakuna aliyemwita kwa jina la kwao. Aliitwa Bi Koleo, naye aliitika. Jina hilo alipewa na msimamizi mmoja wa zamani aliyemkuta akitoa trei za moto tanurini kwa mikono mitupu, bila kitambaa wala glavu, akizipanga kwenye toroli kama mtu apangaye vitabu. Msimamizi alisimama kinywa wazi. "Huyu si mtu," akasema, "huyu ni koleo." Wanawake wa zamu ile walicheka mpaka wakakaa chini, na kuanzia siku hiyo jina likamganda kama kinyunga kwenye ukucha.

Mwenyewe hakulichukia. Mume wake alifariki binti yao akiwa na miaka minne, na mikono ile ndiyo iliyomlisha mtoto, ikamvisha, ikamsomesha. Kwa kubonyeza kinyunga kwa kidole gumba alijua kama kimeumuka vya kutosha. Kwa kupitisha kiganja mbele ya mlango wa tanuri alijua kama moto umefika. Kiwanda kilipofunga vipimo vya joto ukutani, mafundi walimuuliza yeye kwanza, ndipo wakatazama kipimo kuona kama kinakubaliana naye.

Basi katika miaka ile ya mwisho, alipoona trei hazimchomi hata kidogo, alidhani ni ukongwe wa kazi. Vikombe vikaanza kumponyoka, akasema ni sabuni. Kuna wakati alihisi sisimizi wakimtambaa nyayoni kila alipokaa, akawa anafunua miguu kuwatafuta na asione kitu. Kisha sisimizi wale wakaondoka. Alifurahi, akamwambia jirani yake kwamba dawa ni kutembea. Kiu nayo ilimwandama, akawa hatoki bila chupa ya maji, lakini ni nani atakayesimama mbele ya tanuri mchana kutwa asione kiu?

Mwezi mmoja kabla ya siku ninayoisimulia, aliacha kazi. Binti yake, mshonaji katika kiwanda cha sare za shule, alikuwa amejifungua mtoto wa pili, na likizo yake ya uzazi ilikuwa ukingoni. "Mtu wa kuajiri simtaki," binti alimwambia. "Nitamwacha kwako, au kazini sirudi." Bi Koleo akafunga virago, akahamia kwao. Alipewa kitanda katika chumba cha mjukuu wake mkubwa, msichana wa miaka tisa ambaye nyumba nzima walimwita Swali, kwa sababu maneno yake yote yaliishia kwenye kuuliza. Kwa utani wa bibi na mjukuu, Bi Koleo alimwita mke mwenza. Yule mchanga, msichana pia, wa miezi minne, alimwita Kidosho.

Jumatano ya wiki ile binti alitoka kwenda kusaini karatasi za kurudi kazini. Bi Koleo akaona amuogeshe mtoto. Akamimina maji ya birika kwenye beseni, akaongeza ya bomba, akachovya mkono, akaona yako sawa. Mtoto alipogusa maji alitoa ukelele, akarusha miguu, mgongo ukamkakamaa. "Deko hilo," Bi Koleo akacheka. Akaongeza kikombe kimoja cha maji baridi, akamrudisha. Mtoto akalia mpaka sauti ikakatika, akawa anafumbua kinywa na hakitoki kitu. Swali, aliyekuwa akiruka kamba uani, alichungulia dirishani, akaambiwa aende zake.

Alipomkausha, ngozi ya mtoto kuanzia kiunoni kushuka ilikuwa nyekundu kama ndani ya pera. Bi Koleo alimpaka mafuta, akamfunga nguo nyepesi, akamtembeza chumbani mpaka akalala. Binti aliporudi wekundu ulikuwa umefifia, ila haukuwa umekwisha.

"Mama, mbona amekuwa hivi?"

"Joto hilo, mwanangu. Na hizo nepi mnazombana nazo."

Binti akaamini. Angeachaje kumwamini mama yake?

Jumamosi walikwenda wote kwenye Jumba la Nishati. Swali alikuwa ameleta karatasi kutoka shuleni: kila mwanafunzi aende na watu wa nyumbani kwake, kisha aandike ukurasa mmoja juu ya alichokigusa. Zamani jumba lile lilikuwa mtambo wa kufua umeme. Matofali yake yalikuwa yameliwa na moshi wa miaka mingi, na bomba lake la moshi, refu kuliko kitu chochote mtaani, lilisimama bila kutoa hata uzi wa moshi. Kunguru walikuwa wamekaa ukingoni mwake kwa mstari. Bi Koleo aliutazama mlango mpana wa chuma, akasimama hatua moja kabla ya kuingia.

"Mama, kuna nini?" mkwe wake akamuuliza. Alikuwa fundi wa lifti, mtu mpole mwenye mdomo wa mzaha, ila kwa mama mkwe aliupima mzaha wake kwa kijiko.

"Hakuna kitu, baba. Lango hili linafanana na la tanuri letu."

Ndani kila kitu kilikuwa cha kushikwa. Hakukuwa na kibao hata kimoja cha kukataza. Kulikuwa na gurudumu la kuzungusha kwa mkono mpaka kengele ilie, pangaboi la kupuliza kwa mdomo, na baiskeli nne zilizofungwa sakafuni. Mbele ya kila baiskeli palikuwa na taa kumi juu ya ubao. Ukikanyaga kwa nguvu taa huwaka moja baada ya nyingine, ukichoka huzimika vilevile.

Mkwe aliwasha taa tano, akashuka akihema. "Mimi ni mtu wa lifti," akajitetea. "Nimezoea kupandishwa."

"Sasa Bibi!" Swali akapiga kelele. "Bibi, panda! Bibi, wewe utawasha ngapi?"

Bi Koleo akajifunga kanga vizuri, akapanda. Miguu ilikuwa na nguvu bado. Taa ya kwanza ikawaka, ya pili, ya tatu, mpaka ya saba, na watu wasiowajua wakaanza kumpigia makofi. Alikuwa anacheka, jasho likimtiririka, aliposikia mjukuu wake akisema, "Bibi, kiatu!"

Akatazama chini. Kiatu chake cha kulia kilikuwa sakafuni, hatua mbili kutoka kwenye baiskeli. Mguu mtupu ulikuwa unaendelea kukanyaga pedeli ya chuma yenye meno.

"Kimetoka zamani," Swali akasema. "Hukusikia?"

"Nimekivua mwenyewe. Kinabana." Akakivaa upesi. Unyayoni aliona meno ya pedeli yamejichora, na karibu na kidole gumba palikuwa na kitu cheusi, kama lami, asichokumbuka kukikanyaga. Hakukiangalia mara mbili. Akaomba maji, akanywa chupa nzima, kisha akauliza choo kiko wapi. Ilikuwa mara ya tatu tangu waingie.

"Mama atalikausha jumba hili," mkwe akamnong'oneza mkewe. Binti akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka, akamfuata mama yake kwa macho mpaka alipopotea kwenye kona.

Chumba cha Joto kilikuwa ghorofa ya chini, kwenye vyumba ambamo zamani makaa yalichomwa. Dari ilikuwa ya chini, kuta nene, na sauti za watu wa juu zilifika kama zinatoka chini ya mto wa kulalia. Katikati palikuwa na meza ndefu yenye sahani nne za chuma, zote za rangi moja, zimeandikwa namba moja mpaka nne. Mwelekezaji, msichana wa ovaroli ya buluu, aliwakusanya.

"Sahani moja ni baridi," akasema. "Moja ni ya kawaida, moja ina uvuguvugu, na moja ni ya moto. Msiogope, haiunguzi. Mtu afumbe macho, aguse zote nne, aniambie ya moto ni ipi. Nitazichanganya kila mara kwa hiki kitufe."

Swali alifumba macho, akagusa, akaruka kwenye sahani ya nne. "Hii!" Kweli ilikuwa hiyo. Baba yake akapata. Mama yake, akiwa na Kidosho mgongoni, akapata kwa ncha ya kidole kimoja.

"Zamu ya mwenye fani," mkwe akasema. "Dada, huyu mama unayemwona amepika mikate ya mji mzima. Kwa huyu ungeweka sahani ishirini."

Bi Koleo akafumba macho, akaweka kiganja kwenye sahani ya kwanza, akangoja. Akaenda ya pili. Akaenda ya tatu, ya nne, akarudi ya kwanza. Alihisi ugumu wa chuma, alihisi kwamba kuna kitu pale chini ya mkono, basi. Zote zilikuwa kitu kimoja. Alidhani mashine imekwama. Alisikia watu wakingoja, mtu mmoja akikohoa.

"Ya pili," akasema.

Mwelekezaji akafunua kifuniko cha kipimo. "Mama, ya pili ndiyo baridi kuliko zote."

Mkwe akapasuka kicheko. "Leo koleo limeshika kutu!"

Bi Koleo akacheka naye, kwa sauti kubwa kuliko ya kila mtu. "Nawatania. Nilitaka kuona kama huyu msichana yuko macho." Mwelekezaji akabonyeza kitufe, na mara ya pili Bi Koleo hakufumba macho sawasawa. Kati ya kope aliitazama mikono ya mtoto wa watu wengine iliyotangulia kugusa, akaona alipoiondoa haraka. "Ya nne," akasema, akapata. Wakampigia makofi.

Ukutani, karibu na mlango, palikuwa na ubao wenye picha ya mkono na kipimajoto kirefu. Swali alikuwa akiusoma kwa sauti, akinakili kwenye karatasi yake. "Maji ya nyuzi thelathini na saba, sawa na mwili wako. Maji ya nyuzi arobaini na tano, moto, unatoa mkono. Maji ya nyuzi sitini, yanaunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache. Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba, huungua mapema zaidi." Akainua kichwa. "Dada, mapema kiasi gani?"

"Kabla hujamaliza kusema neno," mwelekezaji akajibu.

Wakapanda juu kwenda kuona cheche kubwa ya umeme, ile inayoruka kati ya mipira miwili ya shaba. Bi Koleo akasema atafuata, anafunga kiatu. Alingoja mpaka nyayo zao zikanyamaza kwenye ngazi na mwelekezaji akatoka na kundi lile. Akabaki peke yake na sahani nne.

Akabonyeza kitufe. Akagusa kwa mkono wa kulia, akagusa kwa wa kushoto. Akakandamiza viganja kwa nguvu kama anayekanda. Hakuna. Akatazama nyuma, akaona hakuna mtu, akainama juu ya meza ile kama mtu anayelala, akaweka shavu kwenye sahani ya kwanza. Baridi. Ya pili, baridi zaidi. Akaweka shavu kwenye ya tatu, akaruka nyuma.

Shavu lilijua. Akarudisha kiganja palepale lilipotoka shavu, kwenye chuma kilekile, na kiganja kikamwambia hakuna kitu.

Alibaki ameegemea meza. Juu, umeme ukapasuka kwa mlio kama wa mjeledi, watoto wakapiga mayowe ya raha. Na katikati ya mayowe yale akausikia ule ukelele wa Jumatano. Aliuona tena mgongo mdogo ulivyokakamaa mikononi mwake, na kinywa kilichofumbuka bila sauti, na yeye mwenyewe akisema deko hilo. Mara mbili alimtia majini. Mara mbili.

Mchana walikaa uani kwenye benchi, kwenye kivuli cha tangi la zamani. Swali na baba yake walikuwa wakishindana kuzungusha gurudumu la kupandisha maji. Binti alimnyonyesha mtoto, akamlaza mapajani mwa mama yake, akanyoosha mgongo.

"Jumatatu, Mama. Sikuamini kama itafika. Wenzangu wote wanawaacha watoto wao roho mkononi. Mimi nitakaa kwenye cherehani hata simu siangalii."

"Ah."

"Kweli. Nakuachia dunia yangu yote na wala sina wasiwasi."

Bi Koleo akafungua kinywa. Neno lilikuwa pale, chini ya ulimi, aliweza kulihisi kuliko alivyohisi uzito wa mtoto. Lakini akilitoa kinywani, atakuwa nani? Kazi ameshaiacha, nyumba yake ameshaikabidhi. Ataambiwa nini, kaa pale kitini usiguse kitu? "Nenda salama, mwanangu," akasema. Mtoto alimtazama kwa yale macho ya watoto yasiyopepesa, na Bi Koleo akageuza uso.

Njiani kurudi nyumbani alikuwa na mpango. Shavu linajua. Kiwiko bila shaka kinajua. Atapima kwa kiwiko, kila maji, kila uji, na nani atamuuliza? Akina mama wengi hupima kwa kiwiko. Kufika mlangoni alikuwa amejiaminisha kwamba jambo limekwisha, ila moyo uliendelea kumdunda kama mtu anayebisha hodi asifunguliwe.

Jioni ile binti akawasha pasi kunyoosha sare zake za kazi, mkwe akatoka kwenda dukani. "Mama, mtoto ana vumbi la kule," binti akaita kutoka chumbani. "Muogeshe mapema."

Bi Koleo akachemsha birika, akachanganya maji kwenye beseni, akakunja mkono wa gauni, akatia kiwiko. Moto mno! Akaongeza ya baridi, akatia kiwiko tena. Vuguvugu, kama inavyotakiwa. Akamteremsha mtoto, akazuia pumzi. Kidosho akacheka, akapiga maji kwa kisigino. Machozi yakamlenga bibi yake kwa faraja. Inawezekana, basi. Siri hii itakaa.

Akamtoa, akamfunga taulo, akambeba kwa mkono wa kushoto. Swali alikuwa amesimama mlangoni na karatasi yake, akitaka kujua *nishati* inaandikwa na herufi gani mwisho. Birika lilikuwa bado mezani, karibu sana na ukingo, karibu na miguu ya mtoto. Bi Koleo akalisukuma kwa kiganja cha kulia lisije likaanguka, akaendelea kuzungumza na mjukuu wake mkubwa, mkono umeegemea palepale.

"Na *i*, mke mwenza. Nishati. Umeandika mangapi mpaka sasa?"

Swali alikuwa akitazama birika. "Bibi," akasema taratibu, "mkono wako."

Bi Koleo akatazama. Kiganja chake kilikuwa kimelala kwenye tumbo la birika lililotoka kuchemka, kimelikumbatia. Akakivuta, na kikagoma kidogo kabla ya kuachia. Ngozi ilikuwa imeanza kuvimba malengelenge meupe, na chumbani palikuwa na harufu ambayo hakutaka kuifikiria.

"Shh," akasema. "Usimwambie mama yako."

"Kwa nini?"

"Ni siri yetu, mimi na wewe. Wake wenza hawasemani."

Swali alimtazama, akamtazama mdogo wake, akasogea karibu, akamshika mguu uliochungulia kwenye taulo na kuufunika. "Bibi, siku ile alipolia sana, uliyapima maji kwa mkono huo?"

Watu wengi wamewahi kumuuliza Bi Koleo maswali: mapadri, wasimamizi, wakaguzi wa afya. Hakuna swali lililomkata maini kama lile. Aliona mtoto wa miaka tisa amesimama kati yake na Kidosho kama mlinzi, na amepewa siri ambayo hata mtu mzima ingemlemea. Akakaa kwenye kiti.

"Mchukue mdogo wako," akasema. "Mshike vizuri, hivyo. Mama Swali! Mama Swali, njoo!"

Binti akaja na sare begani. Bi Koleo akafunua kiganja, akakiweka mezani kama mtu anayetoa kitambulisho.

"Sisikii moto," akasema. "Mikono hii haisikii moto, sijui tangu lini. Leo nimevigusa vile vyuma vyote kule, nikaona ni kimoja."

Binti aliutazama mkono. Alianza kwa kuuonea huruma, akanyoosha vidole aushike, halafu vidole vikasimama njiani. Uso ukamsawijika.

"Jumatano," akasema.

"Jumatano."

"Uliniambia ni joto."

"Niliona ni joto." Bi Koleo akakiangalia kiganja chake. "Sikuwa na hakika. Nilitaka liwe joto."

Binti hakupiga kelele. Alimpokea mtoto mikononi mwa Swali, akakaa naye sakafuni, akafungua taulo, akaanza kumkagua mkunjo kwa mkunjo, kama anavyokagua mishono. Nyuma ya goti la kushoto aliona ngozi inabanduka, nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu. Akaweka kidole pale, na kwa muda mrefu hakukiondoa wala hakumtazama mama yake. Mkwe ndiye aliyerudi akawakuta hivyo, akauona mkono, akaupeleka chini ya bomba bila kuuliza, kisha akasema, "Mama, vaa viatu. Twende hospitali sasa hivi."

Hospitali waliambiwa ni kisukari: sukari ilikuwa imekaa naye miaka, pengine minane, pengine kumi. Ilikuwa imekula mishipa ya fahamu kuanzia miguuni, ikapanda, halafu ikaanza kwenye vidole vya mikono. Daktari, mwanamke wa makamo aliyechoka, hakushughulika sana na kiganja. Alimwambia avue viatu. Akainama juu ya mguu wa kulia, akachukua kikoleo chembamba, na kutoka kwenye ule weusi karibu na kidole gumba akavuta pini ya kubandikia karatasi, kichwa chake kimeshaoza kwa kutu.

"Hii ina muda gani?"

"Ipi?" Bi Koleo akauliza.

Alilala hospitali wiki tatu. Walimkata kidole gumba na cha pili yake, wakasema wanashukuru Mungu mguu umebaki. Kiganja kilipona na kovu linalong'aa. Kidosho naye alipimwa. Ngozi yake ilirudi safi, hakubaki na alama. Binti hakwenda kazini Jumatatu ile. Aliomba wiki mbili, akapewa, na zilipokwisha dada wa mkwe akaja kukaa na mtoto.

Bi Koleo alirudishwa nyumbani kwao hao hao, kwenye kitanda kilekile. Daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba ganzi hairudi nyuma; dawa zikifuatwa vizuri inaweza kusimama, zisipofuatwa itaendelea kupanda. Binti yake alimpa dawa kwa saa, alimfunga kidonda kila asubuhi kwa mikono laini, alimkatia kucha. Juu ya Jumatano hawakusema tena. Walisema juu ya mvua, juu ya wifi anayeweka chumvi nyingi, juu ya ukurasa wa Swali ambao mwalimu aliusoma mbele ya darasa. Ukurasa huo Bi Koleo hakuomba kusomewa.

Jumapili moja alasiri, miezi mitatu baadaye, wifi alikuwa amekwenda sokoni na Kidosho alikuwa akitambaa sebuleni akishika miguu ya viti. Alifika mpaka kwa bibi yake, akajivuta kwa kanga, akasimama, akainua mikono yote miwili kama watoto wanavyofanya wakitaka kubebwa. Bi Koleo akaweka mikono yake chini ya mapaja.

"Mama Swali," akaita. "Naomba uniwekee."

Binti akatoka jikoni. Akamwinua mtoto, akamkalisha mapajani mwa mama yake, akaiweka mikono ya mama yake mmoja mmoja pale inapotakiwa, kiunoni na mgongoni. Hakuondoka. Alibaki amesimama nyuma ya kiti, kiganja juu ya mgongo wa kiti, na Bi Koleo aliweza kumsikia akipumua. Jikoni kifuniko kikaanza kugonga.

"Sufuria inachemka," Bi Koleo akasema.

"Iache imwagike," binti akajibu.